Nyundo ya Jumapili ya Matawi

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Juma hili nina aibu. Jumanne usiku mmoja wetu alirusha kwenye kundi la jumuiya ile picha aliyoipiga msanii Mmarekani Andres Serrano mwaka 1987: msalaba mdogo wa plastiki uliozamishwa katika mkojo wa msanii mwenyewe. Damu ikanichemka. Nikaandika kwamba mtu huyo angekuwa huku kwetu angejuta kuzaliwa, na wengi mkaitikia Amina. Binti yangu, anayejiandaa na kipaimara, akausoma ujumbe ule kwenye simu yangu. "Baba, tungemfanya nini?" Nikakosa la kumjibu.

Wako waliokuwa na jibu. Aprili 17, 2011, Jumapili ya Matawi, watu waliingia kwenye jumba la sanaa mjini Avignon, Ufaransa, wakawatishia walinzi kwa nyundo, wakaiharibu picha hiyo. Hebu itazameni siku yenyewe. Waamini wameshika matawi, Juma Kuu linaanza, na mtu anainua nyundo dhidi ya sura ya Msulubiwa. Wakaharibu na picha nyingine ya Serrano, ya mikono ya mtawa anayesali. Mikono ya sista katika sala! Walitafuta kufuru, wakaishia kuipiga sala.

Mimi picha ile inaniumiza, na sitaficha. Serrano alilelewa Mkatoliki na mwenyewe hujiita Mkristo, ametishiwa kuuawa. Sista Wendy Beckett, mtawa aliyewafundisha watu sanaa kwenye televisheni, alikataa kuiita kufuru. Aliona humo jinsi sisi tulivyomtendea Kristo. Mwaka 2023 Papa Francisko alimkaribisha Serrano pamoja na wasanii wengine katika Kikanisa cha Sistina. Mimi bado sijafika walipofika hao.

Lakini ndugu zangu, Bwana wetu alitemewa mate usoni, na hakutafuta wa kumlipizia kisasi. Yakobo na Yohane walipotaka moto ushuke uwateketeze Wasamaria waliomkataa, aligeuka akawakanya wao. Wasamaria hakuwaambia neno. Wao, waliokuwa wakitembea naye kila siku, wenye uchungu naye, ndio waliokemewa. Hapo ndipo nilipochomwa moyo, maana na mimi nilidhani nina wivu wa nyumba ya Bwana, kumbe nilikuwa na hasira zangu tu. Ujumbe wangu nimeufuta. Uliyeitikia Amina, nakusihi, ifute na wewe. Tusimtishie mtu hata kwa maneno ya hasira ya dakika moja. Vijana wetu wanatusoma, nao wanaamini kwamba tunayoyaandika ndiyo imani yenyewe.

Jumanne ni siku ya Matendo ya Uchungu. Usiku ule nilimwita binti yangu tukapiga magoti, nikasema rozari hii ni ya Andres. Tendo la kwanza na la pili midomo ilisali, moyo ukagoma. Tulipofika tendo la tatu, Yesu anatiwa miiba kichwani, nikaweza kulitaja jina lake bila kukunja ngumi.