Saa kumi na moja jioni

Mama ana swali moja analoniuliza kila siku: "Baba yako hajarudi tu?" Baba alifariki miaka sita iliyopita. Mama alikuwepo, alikuwa amemshika mkono. Lakini dimensia, ugonjwa unaokula kumbukumbu, imeifuta siku ile kichwani mwake, na kila jioni anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha akimngoja.

Zamani nilikuwa namjibu vizuri mara ya kwanza. Mara ya pili pia. Ikifika mara ya sita, sauti inaanza kukauka. Siku moja, mara ya tisa au ya kumi, nilimgeukia na sufuria mkononi nikamfokea: "Amekufa, Mama! Baba alikufa! Nikwambie mara ngapi?" Nikaibamiza sufuria mezani, mfuniko ukaruka, ukawa unazunguka sakafuni kwa kelele mpaka ukatulia wenyewe.

Mama hakulia. Alishika upindo wa gauni lake, akaukunja kwa vidole, akaukunjua, akaukunja tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, dada. Sikujua."

Aliniita dada. Hakunitambua. Mwanamke asiyemjua alikuwa amesimama mbele yake akimpigia kelele, na ndani ya kelele hizo ndimo alimopata habari, kwake ikiwa mpya kabisa, kwamba mume wake hayupo duniani. Dakika kumi baadaye alikuwa ameshasahau. Mimi sijasahau. Naandika haya nikiwa bado naisikia ile samahani.

Tangu utotoni nimeambiwa hasira hasara. Nimeambiwa nivute subira, nimeze mate, nihesabu mpaka kumi. Ni maneno ya kweli, ila hakuna aliyewahi kuniambia subira hiyo inavutwa kutoka wapi mtu akiwa amelala kwa saa nne tu na hajatia kitu mdomoni tangu mchana. Kumeza nako nilikuwa hodari. Uso mkavu, meno yameumana, "bado, Mama", na moyo unadunda mpaka masikioni. Baadaye nilisoma kuhusu jaribio ambalo mwanasaikolojia James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford alilichapisha mwaka 1998, na nikajiona humo. Watu walionyeshwa filamu ya kukirihisha. Wengine waliambiwa wasionyeshe chochote usoni, wengine waliambiwa waitazame kama mtu asiyehusika, kwa jicho tulivu. Waliobana nyuso walifaulu kuficha, lakini karaha yao haikupungua hata kidogo, na miili yao ilihangaika zaidi. Waliobadili namna ya kutazama ndio waliohisi nafuu. Mimi kwa miaka miwili nilikuwa nabana uso.

Usiku ule wa sufuria nilichukua daftari jipya. Sikuwa na mpango wa kujirekebisha, nilichotaka ni kujua tu kinachonipata. Kila usiku kabla ya kulala niliandika mambo matatu: saa ngapi nilipandwa na hasira, mikono yangu ilikuwa inafanya nini, na siku ilikuwa imekwendaje mpaka hapo.

Baada ya wiki mbili nilikuwa na maandishi 17. Nilipoyapanga, nilibaki nimeshika kalamu hewani. Mara 13 kati ya hizo 17 zilikuwa kati ya saa kumi na moja jioni na saa moja usiku. Karibu zote, nilikuwa sijala tangu mchana. Nyingi zilikuja baada ya usiku ambao Mama ameamka mara tatu nne. Na mara tisa nilikuwa na simu mkononi, najibu ujumbe wa kazi huku napika huku namsikiliza. Hasira niliyodhani inaletwa na swali la Mama ilikuwa inaanza jana yake usiku, inakusanya nguvu mchana kutwa, na swali ndilo lililoikuta mlangoni.

Muuguzi anayekuja kumwangalia Mama alipoziona zile saa alitikisa kichwa. Akanieleza kwamba watu wengi wenye dimensia huchafukwa zaidi jioni, jua linapozama. Ugonjwa unavuruga saa ya ndani ya mwili, uchovu wa siku umeshajaa, mwanga unapungua, vivuli vinakuwa vingi na macho yanavisoma vibaya. Kwa hiyo saa mbaya ya Mama na saa mbaya yangu ilikuwa moja. Watu wawili waliochoka ndani ya chumba kimoja, giza likiingia.

Hapo ndipo nilipoacha kujilaumu kwa kukosa moyo wa uvumilivu nikaanza kushughulika na saa zenyewe.

Kuoga kwa Mama, ambako ndiko kulikokuwa na ugomvi mkubwa, nilikutoa jioni nikakupeleka saa nne asubuhi, wakati akili yake iko karibu. Saa kumi alasiri nafunga mahesabu ya watu (kazi naifanyia nyumbani) na nakula, nimekaa, kwenye sahani, si kudonoadonoa kwenye sufuria. Saa kumi na nusu nawasha taa zote kabla giza halijaanza kubisha, halafu nafunga mapazia. Hili la mapazia nililigundua kwa bahati: Mama alikuwa anaona sura yake kwenye kioo cha dirisha akidhani kuna mtu nje, na ndiyo maana alikuwa anainuka kila mara kwenda kufungua mlango. Simu inaingia kwenye droo mpaka saa mbili usiku. Mambo haya hayana ufundi wowote. Lakini wiki ya kwanza tu ya kula kwanza na kuwasha taa mapema, daftari lilikuwa na maandishi mawili.

Usingizi ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu ulinilazimu kuomba. Nilikuwa nimejiwekea kwamba binti mwema hamkabidhi mama yake kwa mtu mwingine usiku. Nilipompigia kaka yangu nilizunguka sana, nikauliza watoto, nikauliza kazi, mpaka yeye mwenyewe akasema, "Dada, sema unachotaka kusema." Sasa analala hapa usiku wa Jumanne na wa Ijumaa, na mimi nafunga mlango wa chumba changu. Nilikuja kusoma kwamba mwaka 2007 mtafiti wa usingizi Matthew Walker na wenzake walipima ubongo wa vijana waliokesha takriban saa 35. Walipoonyeshwa picha za kuchukiza, amigdala, ile sehemu ya ubongo inayopiga king'ora cha hatari, iliitikia kwa takriban asilimia 60 zaidi kuliko kwa wenzao waliolala, na ile sehemu ya mbele inayoituliza ikawa kama imepoteza mawasiliano nayo. Nilimsomea kaka yangu habari hiyo kwenye simu. Alinyamaza kidogo, akauliza kama aongeze na usiku wa Jumapili.

Lakini kuna jambo moja dogo ambalo nalipenda kuliko yote, nalo nitalieleza taratibu.

Kwenye daftari niliona kwamba karibu kila nilipofoka nilikuwa nimeshika kitu: mwiko, ufagio, kikapu cha nguo, simu, ile sufuria. Kitu mkononi kilimaanisha kazi imekatizwa, na kazi ikikatizwa mwili wangu unalichukulia swali kama mtu aliyenivuta nguo kwa nyuma. Nikajiandikia sentensi moja, nikaibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo: *Mama akiuliza, naweka chini.* Basi. Sikuandika "nitakuwa mpole" wala "nitajitahidi". Akiuliza, naweka chini nilichoshika, hata kama ni kijiko, kabla mdomo haujafunguka.

Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 juu ya mipango ya namna hii, inayofunga tendo moja kwenye alama moja: jambo fulani likitokea, nitafanya hivi. Alionyesha kwamba mtu mwenye mpango wa aina hiyo hutekeleza azma yake kuliko mwenye nia nzuri peke yake, kwa sababu uamuzi umeshafanywa mapema na tukio lenyewe ndilo linaloukumbusha. Kiswahili kinaibeba kazi hiyo kwa silabi moja, ile "ki". Akiuliza. Nikichoka. Giza likiingia. Naipenda silabi hiyo siku hizi.

Kuweka chini kunachukua kama sekunde tatu. Mkono unashuka, mgongo unainama kidogo, pumzi inatoka yenyewe bila kuitwa. Kufikia wakati nainuka, mabega yameshashuka. Siwezi kufoka vizuri nikiwa na mikono mitupu, nimejaribu kukumbuka kama niliwahi, sikumbuki.

Daftari nalo lilibadilika. Katika mwezi wa pili wa kuliandikia niliona nimeandika "hasira" kila ukurasa, na neno lilianza kunionekea kavu. Nikajilazimisha kutafuta neno sahihi zaidi. Kero? Siku nyingine ni kero tu. Uchovu? Mara nyingi mno ni uchovu uliovaa nguo za hasira. Siku ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Baba niliandika "uchungu", nikaliangalia neno. Dawa ina uchungu, mama anayejifungua ana uchungu, aliyefiwa ana uchungu, na mtu aliyekasirika tunasema ana uchungu. Nikalia palepale mezani. Kila Mama alipouliza kama Baba amerudi, mimi nilikuwa nafiwa upya, mara kumi kwa jioni moja, na sikuwa na nafasi hata ya kukaa chini.

Mwaka huohuo 2007, mwanasaikolojia Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hisia kali wakiwa ndani ya mashine inayopima kazi ya ubongo. Walipochagua neno la kuitaja hisia ile, amigdala ilipunguza kelele. Mimi sina mashine, nina daftari, ila kilichonitokea baada ya lile neno ni kwamba swali la Mama nililisikia vingine. Haombi taarifa. Anasema anamkumbuka mume wake. Nami namkumbuka baba yangu. Tangu siku hiyo simwambii kwamba Baba amekufa, wala simdanganyi kwamba yuko njiani. Namwambia, "Unamkumbuka, Mama," na mara nyingi anaitikia, "Sana."

Siku ya 41 nilifoka tena. Nilikuwa na homa, kaka yangu alikuwa amesafiri, nilikuwa sijala, taa sijawasha. Niliogopa kwamba yote yamebomoka. Aliyeniokoa ni mtafiti ambaye hatanijua kamwe, Phillippa Lally wa University College London. Yeye na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12 wakijenga kila mmoja zoea moja jipya la kila siku. Kwa wastani ilichukua siku 66 tendo kuanza kujifanya lenyewe, na tofauti ilikuwa kubwa, kutoka siku 18 mpaka makadirio ya siku 254. Na waligundua kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Kesho yake niliwasha taa saa kumi na nusu.

Sihesabu siku tena. Najua tu kwamba sasa nikisikia "baba yako" mkono unashuka kabla sijafikiri, hata nikiwa kwa watu, hata anayesema si Mama.

Jana aliuliza mara saba. Mara ya tano nilikuwa nimebeba beseni la nguo mbichi. Nililiweka chini, maji yakanimwagikia miguuni, nikakaa kwenye mkono wa kiti chake.

"Unamkumbuka, Mama."

"Alikuwa anapiga mluzi akifika pale kwenye kona," akasema. "Ili nijue ni yeye, nisiogope."

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia Baba akipiga mluzi. Huenda aliacha kabla sijazaliwa. Nikamuuliza ulikuwa mluzi gani. Mama alikunja midomo, ikatoka pumzi tu bila sauti. Akalowesha midomo, akajaribu tena. Mara ya nne zilitoka sauti mbili, moja chini, moja juu, kisha akanitazama kuona kama nimeipata. Nikajaribu na mimi. Akatikisa kichwa, akanionyesha upya.