Anemoni amehama usiku

Jumapili, saa nne usiku

Alfajiri ya leo, kabla ya kuswali, nilimulika tangi langu la viumbe wa baharini kwa simu kama ninavyofanya kila siku, na lile jiwe la kushoto lilikuwa tupu. Miezi mitano anemoni wangu, kiumbe laini wa baharini mwenye minyiri kama ua, amekaa kwenye ufa wa jiwe hilo bila kusogea hata upana wa kidole. Nilimtafuta chini mchangani, nikamtafuta nyuma ya mawe, moyo unanienda mbio. Alikuwa amepanda kioo cha nyuma, amejikunja, shibiri moja tu kutoka kwenye pampu.

Nilizima pampu papo hapo. Tangu siku ya kwanza nimeivalisha sifongo mdomoni, kwa sababu anemoni akianza kutembea usiku hajui pampu ni nini. Akivutwa ndani hukatwakatwa, na vipande vyake huozesha maji yote na kuua hata wengine waliomo. Sifongo ilikuwepo, lakini wakati ule sikuiamini. Kisha nikakaa sakafuni na kuizuia mikono yangu. Kumbandua mwenyewe ndilo jambo nililolitamani, na ndilo nisilopaswa kulifanya. Wayo wake, yaani sehemu ya chini anayojishikizia, ukivutwa kwa nguvu huchanika, na jeraha la wayo ni gumu kupona.

Nimeshampoteza mmoja. Nilimnunua tangi likiwa na wiki tano tu. Vipimo vilionyesha amonia sifuri, kwa hiyo niliona maji yako tayari: bakteria walikwisha kuanza kazi ya kugeuza uchafu wa amonia kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti isiyo kali sana. Hiyo ni kweli kwa samaki wengi wavumilivu. Anemoni anataka maji yaliyozoea kuwa maji, yasiyopanda na kushuka, na tangi changa hupanda na kushuka kila siku. Juu ya hayo nilimchagua kwa weupe wake. Dukani aling'aa kama lulu, nami nikadhani ndiyo rangi yake. Sikujua kwamba weupe ule ni njaa. Ndani ya nyama ya anemoni wa bahari za joto huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, unaotumia mwanga kutengeneza sukari na kumlisha mwenyeji wake. Akisumbuka sana huutoa mwani huo, akabaki mweupe. Nilimleta nyumbani mgonjwa, nikamweka ndani ya maji ambayo hayajatulia. Siku ya tisa mdomo wake ulikuwa wazi, umelegea, na harufu ya uozo imejaa sebuleni. Nilibadilisha nusu ya maji usiku ule huku nalia.

Kosa jingine alilitambua mama. Nilimpigia Tanga kumweleza msiba wangu. Hakucheka, bali aliniuliza, "Maji yakipungua kwenye hilo tangi, unajazia nini?" Nikamwambia, maji ya chumvi, kama yale ya mwanzo. "Mwanangu," akasema, "wewe umekulia pwani. Hukuonja maji ya yale madimbwi ya juu mwambani, bamvua ikitoka na jua likapiga? Maji huenda, chumvi hubaki." Nilipima usiku uleule. Kipimo kilichopaswa kuwa 1.025, yaani takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, kilikuwa 1.029. Wiki nzima nzima nilikuwa nikimwongezea kiumbe yule chumvi kidogo kidogo, nikidhani namtunza. Sasa najazia maji matupu yaliyochujwa, kila asubuhi, hadi kwenye alama niliyoichora kwa kalamu kwenye kioo. Maji ya bomba sitii kabisa. Yana klorini, na yanayopita kwenye mabomba ya shaba yanaweza kubeba shaba, ambayo hata ikiwa chembe huua viumbe wasio na uti wa mgongo. Dawa nyingi za samaki wagonjwa nazo zina shaba, kwa hiyo haziingii ndani ya tangi hili.

Baada ya hapo nilingoja miezi minane. Lita 120 za maji, mawe, mchanga, samaki wawili wadogo na konokono. Ulikuja mwani wa kahawia ukafunika mchanga, ukaondoka. Ukaja wa kijani, nao konokono wakaupunguza. Kila Jumapili nilibadilisha lita 12. Joto lilikaa kwenye nyuzi 25 au 26. Kuna majuma nilitamani kununua kitu chochote chenye minyiri, na sikununua.

Huyu niliye naye sasa alizaliwa ndani ya tangi la mfugaji mwingine wa hapa Leeds, Uingereza. Ni yule ambaye ncha za minyiri yake huvimba kama balbu, Entacmaea quadricolor. Hujigawa mwenyewe: mwili hupasuka katikati na kila nusu hujiponya ikawa anemoni kamili. Nusu moja ndiyo niliyopewa, ya kahawia iliyoiva, mdomo umefumba, minyiri inanata chakula kikiigusa. Taa niliianzisha hafifu, nikaiongeza kidogo kidogo kwa wiki nne. Mara moja kwa wiki humpa kipande cha kamba kama punje ya kunde. Mwanzoni nilimpa kikubwa, naye kesho yake akakitapika. Ana tundu moja tu la kulia na la kutolea. Kuna siku husinyaa kabisa, akawa kama puto lililotoka hewa, kisha jioni akafunguka tena. Zamani ningepima maji mara tatu kwa hofu. Siku hizi najua anabadilisha maji ya mwili wake, na ninaangalia mambo mawili tu: mdomo umefumba? wayo umeshika?

Huwa nakumbuka anemoni mmoja wa Scotland. John Dalyell, mtaalamu wa viumbe, alimtoa ufukweni North Berwick mwaka 1828, akamweka katika chupa ya kioo Edinburgh. Dalyell alifariki, watunzaji wengine wakampokea, na yeye akaishi hadi 1887. Alikuwa wa maji baridi, tofauti na wangu, na hakuwa na pampu wala taa ya umeme. Alikuwa na watu waliombadilishia maji ya bahari, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka 59. Sijui kitu kinachonitia moyo zaidi ya hicho nikiwa nimeinama na ndoo.

Ilipofika saa tatu asubuhi niligundua sababu. Ijumaa niliisafisha pampu, nikasugua chokaa yote iliyoshika, na maji yakaanza kutoka kwa nguvu mpya, moja kwa moja kwenye ule ufa wake. Hakuhama kwa ugonjwa. Alikuwa anapigwa na mkondo. Niliigeuza pampu ielekee kioo cha mbele, nikapunguza nguvu, kisha nikaiwasha, maana samaki nao wanahitaji hewa.

Mchana nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyo mdudu wako hajambo?"

"Amehama, mama. Yuko kwenye kioo."

"Basi mwache atafute mahali pake. Sisi tukichokoa pweza tulikuwa tunawapita tu hao. Ukigusa, hujifunga."

Sasa taa imezimika. Tangu adhuhuri amesogea vidole vinne, akielekea nyuma ya jiwe la kulia ambako maji ni matulivu, na minyiri michache imeanza kuvimba upande mmoja. Kesho ilikuwa zamu ya kumlisha. Sitamlisha mpaka wayo ushike.