Ripoti ya Asubuhi

Usiku ule wodi ya wazazi nilibaki muuguzi peke yangu na mhudumu mmoja. Mwenzangu wa zamu aliugua na hakuletwa mtu wa kuziba pengo. Kabla ya alfajiri mama mmoja akaanza kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Nilimchoma oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, nikamtuma mhudumu amwite daktari, nikaukanda mfuko wa uzazi mpaka nikausikia umekaza chini ya kiganja. Muda huo wote partografu, karatasi ya kufuatilia uchungu, ya mama wa kitanda cha pili ilikaa bila alama, na mapigo ya moyo wa mtoto hutakiwa kuandikwa kila nusu saa. Naye alijifungua salama.

Wakati wa kukabidhi zamu, inchaji, muuguzi msimamizi wa wodi, aliinyanyua karatasi ile mbele ya wanafunzi na wagonjwa. "Oneni manesi wa siku hizi. Wewe ulisomea chuo gani?" Nikaanza kueleza. "Nyamaza!" Hayo tulishayazoea sisi wapya. Aliyelalamika aliongezewa zamu za usiku.

Kilichonitisha ni kwamba sikuumia. Wiki zile hata mama akilia kwa uchungu, moyo wangu haukushtuka. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya mwaka 2019, linautaja uchovu huu uitwao "burnout" kuwa hali itokanayo na kazi, na dalili yake mojawapo ni mtu kujitenga na kazi yake kimoyo. Mimi nilidhani nimeshakuwa katili.

Sista mmoja aliyekaribia kustaafu akauliza kwa upole, "Kwani huyu mwenzetu alikuwa zamu na nani usiku?" Kimya. "Basi tumsikilize kwanza. Kama kuna la kumkosoa, tutamkosoa ofisini."

Akanipeleka chumba cha dawa, akanimiminia chai ya rangi kutoka chupa yake. Hakuniambia nivumilie, wala kwamba uuguzi ni wito. Aliuliza, "Damu ilikata saa ngapi? Ulifanyaje?" Nilipofika kwenye kuukanda mfuko, machozi yakanitoka.

Inchaji hakuniomba radhi. Najua naye alikuwa amechoka, lakini simtetei, maana nilipokuwa natoka mwanafunzi mmoja alinifuata getini. "Sista, si ungejaza tu namba zozote usifokewe?"

Nikamwambia asithubutu. Daktari akisoma mapigo ya kubuni atamwacha mtoto anayechoka tumboni, akidhani yuko salama. Tukakaa kwenye benchi la kliniki, nikamsimulia usiku mzima ulivyokwenda.