Nilivyojua ile marumaru si ya Carrara

Nilipokua nasoma jiolojia Italia nilipewa kipande cha marumaru nyeupe yenye mistari ya kijivu, kilikua kimebandikwa ukutani kwenye jengo la enzi za Warumi, nikaambiwa haya tafuta kwao ni wapi. Mawe ya rangi hayanisumbui, nayajua kwa macho, ile ya njano ni ya Chemtou kule Tunisia, nyeupe yenye mishipa ya zambarau ni Docimium Uturuki, porfiri, lile jiwe gumu la zambarau, inatoka jangwa la mashariki Misri basi. Shida ni nyeupe, zinafanana balaa.

Mimi nikasema Carrara, maana ni Italia hapohapo na Warumi waliichimba sana tangu karne ya 1 KK. Nikasaga unga kidogo ukaenda maabara kupimwa isotopu za kaboni na oksijeni (atomi za aina moja zenye uzito tofauti, uwiano wake husaidia kutambua machimbo), majibu yakaangukia Carrara, nikafurahi nikaandika ripoti. Mwalimu akaisoma akaniuliza kitu kimoja tu, ukubwa wa chembe za jiwe umepima? Sikupima. Kumbe kwenye chati ya kulinganisha isotopu za machimbo, Carrara na Proconnesus, machimbo mengine ya marumaru nyeupe kule Uturuki, zimepandana, jibu hilohilo linaweza kua la huku au la kule.

Nikarudi na lenzi na rula. Chembe za Carrara ni ndogo, kwa kawaida hazifiki milimita 1, ukiiangalia ni kama sukari laini. Zangu zilikua zinametameta kama chumvi ya mawe, nyingine milimita 2 kabisa. Mwalimu akaniruhusu kuvunja kona iliyokua na ufa tayari, nikagonga nyundo nikanusa palepale, yai viza! Ni gesi ya salfa iliyofungiwa ndani ya jiwe miaka mamilioni, na marumaru ya Proconnesus inajulikana kwa harufu hiyo. Harufu peke yake haitoshi lakini, ila ukiiweka pamoja na chembe kubwa na ile mistari ya kijivu, hapo unakua na jibu.

Proconnesus ndo kisiwa cha Marmara, Uturuki, machimbo yako karibu na bahari kwaiyo mawe yalipakiwa melini bila kuburutwa mbali, ndo maana unaikuta kila pembe ya himaya. Na jina Marmara na neno letu marumaru asili yake moja, marmaros ya Kigiriki, letu limepitia kwa Waarabu, hii ilinigusa sana.

Ripoti niliandika upya yote, chembe zikatangulia na isotopu zikaja mwisho.