Nilivyoupasha moto udongo wa nyanya zangu Kayenze

Nyanya zangu za huku Kayenze, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, zilikuwa zikinyauka zikiwa zimeshabeba matunda, na hapo ndipo panapouma. Mche unalala mchana, jioni unajitutumua kidogo, keshokutwa umekauka. Majirani wakanipa majina ya dawa, kila mmoja na lake, maana kwetu ugonjwa wowote wa aina hiyo huitwa mnyauko na mazungumzo yanaishia hapo.

Bwana shamba alinitaka nianze na glasi ya maji. Unakata kipande cha shina karibu na ardhi, unakitumbukiza majini; ukiona uzi mweupe mzito unashuka, hao ni bakteria. Maji yangu yalibaki safi. Tukapasua shina, ndani halikuwa na ile michirizi ya kahawia ya fusari, kuvu mwingine wa udongoni anayenyausha nyanya. Lakini pale shina linapotoka ardhini palikuwa na utando mweupe, na juu yake vipunje vya kahawia, vya mviringo, saizi ya mbegu za ulezi.

"Huyu ni Sclerotium rolfsii, kaka," akasema. Ni kuvu, na jina lake linatokana na Peter Henry Rolfs, aliyemkuta kwenye nyanya huko Florida, Marekani, mwaka 1892. Vile vipunje ndivyo ghala lake: vinakaa udongoni miaka kadhaa vikisubiri. Na si nyanya tu, anashambulia karanga, maharage, pilipili na mimea mingine mamia.

Kilichonikaa kichwani ni habari ya joto. Kuvu huyu hustawi zaidi udongo ukiwa na nyuzi joto 27 hadi 30. Chini ya 10 anazubaa, ukikaribia 40 anasimama. Sasa fikiria Mwanza: tuko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, ziwa linatupunguzia makali ya jua na ya baridi, mchana ni nyuzi 27 au 29 karibu mwaka mzima. Kwenye nchi zenye majira ya baridi kali kuvu huyu hupata likizo. Huku kwetu hana hata Jumapili.

Kuupoza udongo siwezi. Kuupasha moto naweza, na njia yenyewe si ngeni: Katan na wenzake huko Israel waliiandika mwaka 1976, unafunika udongo kwa nailoni na kuliachia jua kazi. Nilisubiri kiangazi, mwezi Julai, mvua zikiwa zimekwisha. Nikang'oa masalia yote ya nyanya, nikasawazisha matuta, kisha nikawasha pampu na kumwagilia mpaka maji yakazama vizuri. Maji ndiyo siri. Udongo mkavu haupitishi joto kwenda chini, na kipunje kikavu ni kigumu kufa kuliko kilicholowa.

Nailoni iwe ile angavu. Wengi hukimbilia nyeusi wakidhani ndiyo inayochoma, kumbe nyeusi hulimeza joto yenyewe. Angavu hupitisha mwanga hadi kwenye udongo, halafu hulizuia joto lisitoke. Niliivuta ikagusa ardhi, kingo nikazifukia. Mama mmoja jirani, anayeanika dagaa ufukweni, akaja kushangaa: "Mwanangu, siku hizi na udongo unaanikwa?" Mbuzi wake nao walikuja kushangaa, wakaitoboa, nikawa naziba kwa utepe.

Mpwa wangu ni mwalimu wa sekondari, akaniazima kipimajoto. Kwenye kina cha kidole, saa nane mchana, udongo wa wazi ulisoma karibu 30. Chini ya nailoni ulipita 45. Joto hilo haliui vipunje vyote kwa mchana mmoja, ila likirudiwa siku baada ya siku, vingi vinakufa na vinavyobaki vinadhoofika, kisha vijidudu vingine vya udongoni vinavimaliza. Ndiyo maana inashauriwa wiki 4 hadi 6. Mimi niliiacha mpaka mwisho, ingawa shemeji yangu alikuwa akilalamika kwamba ardhi imelala bure.

Nilipoiondoa sikulima tena kwa kina. Chini kabisa joto halikufika, na ukipindua udongo unavirudisha juu vipunje vizima. Nilichimba mashimo ya miche tu, nikatia samadi iliyooza sawasawa, kwa sababu majani mabichi yaliyofukiwa shinani ni chakula cha kuvu huyu.

Katikati ya matuta nyanya zilisimama hadi mavuno ya mwisho. Pembezoni, kwenye kingo za nailoni, ambako udongo usiofunikwa wa pembeni uliendelea kuupoza ule wa chini ya nailoni, michache ilikufa kwa utando uleule. Kiangazi hiki nafunika matuta pamoja na njia zake, kipande kimoja kipana, na sehemu ambayo nailoni haitoshi nitapanda mahindi, maana hayo kuvu huyu hayapendi sana. Gharama ya nailoni ni kubwa, sikatai, ila ukiikinga na mbuzi inatumika tena.