Twiga wetu na qilin wa Nanjing

Leo nimetembea ile njia ya kwenda kaburi la Hongwu, mfalme wa kwanza wa ukoo wa kifalme wa Ming, hapa Nanjing, China. Wanyama wa mawe jozi 12, wengine wamesimama, wengine wamepiga magoti. Nikaganda mbele ya qilin, mnyama wa hadithi ambaye Wachina waliamini hujitokeza akitawala mfalme mwenye hekima.

Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimletea mfalme Yongle twiga, ikulu wakasema ndiye qilin! Mpaka leo Wajapani humwita twiga kirin.

Twiga wetu, jamani! Kuvuka bahari yote ile ndani ya jahazi. Nani alimlisha njiani? Nimesimama pale mpaka mvua ikaanza.