Shaka ya Mtunzi
Kila nianzapo utungo mpya wa taarabu, shaka hunijia mapema kuliko vina, ikiniuliza ni nani katika Unguja hii yenye mafundi tele atakayetaka kusikiliza maneno yangu. Hapo humkumbuka Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyeuza vyungu kabla ya kujulikana, akadhihakiwa kwa nasaba na sura yake, na hata hivyo mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili. Sidhani kwamba alingoja shaka imwishe ndipo aimbe. Basi nami siku hizi beti mbovu naziandika vivyo hivyo, nikamsomea shoga yangu (hodari wa kukosoa, tena hana huruma), kisha nikarekebisha mizani pale anapokunja uso.